Katavi: Msitu Usioandikwa Kwenye Stakabadhi

Kuanzia Januari hadi Aprili, moto haulali katika vijiji vya tumbaku vya mkoa wa Katavi. Majani yaliyochumwa hufungwa kwenye fito, hupandishwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, kisha mlango huzibwa na kuni huwashwa kwenye tanuru. Siku za mwanzo joto hushikiliwa karibu nyuzi 38 ili jani liache ukijani na kuwa la njano. Baadaye hupandishwa polepole, na mwisho hufikishwa karibu nyuzi 70 ili hata uti wa jani ukauke. Kazi hiyo huchukua takriban wiki moja, usiku na mchana. Anayelinda moto akisinzia na joto likashuka, jani huharibika rangi na kuteremka daraja sokoni. Akichochea kupita kiasi, bani zima linaweza kuteketea pamoja na jasho la msimu.

Hiyo ndiyo tumbaku ya mvuke, zao ambalo kwa miongo kadhaa limesomesha watoto, limeezeka nyumba kwa bati na kuendesha vyama vya msingi katika wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika. Hakuna mkulima anayestahili kusutwa kwa kuilima. Katavi iko mbali na bandari, barabara ya lami kutoka Tabora imekamilika miaka ya karibuni tu, na ni mazao machache yanayoweza kusafirishwa kutoka huku hadi viwanda vya Morogoro na bado yakaacha kitu mfukoni mwa aliyeyalima. Lakini kila kilo ya jani hilo imekaushwa kwa miti ya miombo, na thamani ya miti hiyo haimo mahali popote kwenye karatasi anayopewa mkulima siku ya soko.

Karatasi hiyo ina mambo mengi. Ina uzito wa robota, daraja lililotolewa na mteuzi, bei kwa dola za Marekani, kisha makato: mbolea, viuatilifu, nyuzi, majunia ya kufungia, riba ya mkopo, ushuru wa chama cha msingi na wa chama kikuu, LATCU. Kuni hazimo. Kampuni hununua jani lililokwisha kukauka. Limekaushwaje ni shauri la mkulima. Mkulima naye kuni hajazinunua, amezikata porini. Kwa hiyo nishati kubwa kuliko zote katika uzalishaji wa zao hili huingia kwenye biashara kwa bei ya sifuri, na kitu cha bei ya sifuri hakuna anayekichunga.

Ukubwa wa nishati hiyo unajulikana. Utafiti uliofanyika Urambo, mkoani Tabora, kwenye miombo ya aina ile ile ya Katavi, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba hekta moja ya tumbaku hutumia wastani wa mita za ujazo 23 za kuni kwa kukaushia peke yake. Utafiti huo ulikuta pia kwamba karibu wakulima saba kati ya kumi walifyeka pori jipya kila msimu, kwa sababu tumbaku huchosha ardhi upesi na shamba jipya huwa na magonjwa machache. Pori hulipa mara mbili: hufyekwa kupata shamba, kisha hukatwa kupata kuni. Kwa dunia nzima, mtafiti Mjerumani Helmut Geist alikadiria mwaka 1999 kwamba kilimo cha tumbaku huondoa takriban hekta 200,000 za misitu na mapori kila mwaka, na sehemu kubwa ya hasara hiyo aliiweka katika nchi zinazoendelea, kusini mwa Afrika ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi.

Nchini Zimbabwe, nchi inayoongoza kwa tumbaku barani Afrika, wakulima wakubwa walizoea kukausha kwa makaa ya mawe ya Hwange. Makaa ya mawe ni machafu, na hakuna mwenye nia njema anayeweza kuyapendekeza kwa Katavi. Hata hivyo yana jambo moja la kujifunza. Yanauzwa kwa tani. Aliyekausha kwa makaa ya mawe alijua kila mwisho wa msimu moto wake umemgharimu kiasi gani, na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuziba nyufa za bani na kutengeneza tanuru lisilopoteza joto. Kwenye bani la udongo lenye nyufa, tanuru la kienyeji hutoa nje sehemu kubwa ya joto kupitia kuta na bomba la moshi. Matanuru sanifu yanaweza kupunguza kuni kwa karibu nusu, na ujuzi wake si mgeni Tanzania. Kinachokosekana ni sababu ya fedha ya kumfanya mkulima agharamie matofali na mabomba, wakati gogo la mtundu liko mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani na halimdai mtu senti.

Hapa ndipo nguvu ya kampuni inapoonekana, na inaonekana kimyakimya. Kabla ya msimu kuanza, wanunuzi hutoa makisio, yaani kilo watakazonunua kutoka kila chama cha msingi. Makisio huamua ni hekta ngapi zitalimwa. Hekta huamua ni mabani mangapi yatawashwa. Mtu aliyeketi ofisini Morogoro, au mbali zaidi ng'ambo, akiongeza tarakimu moja kwenye jedwali la ununuzi, ameagiza maelfu ya mita za ujazo za kuni bila kulitaja neno kuni. Msimu wa 2022/23 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 120,000 za tumbaku. Mavuno hayo yalishangiliwa, na kwa haki, maana miaka michache kabla yake baadhi ya wakulima walikuwa wamebaki na marobota yasiyo na mnunuzi kwa sababu yalizidi makisio. Taarifa za mafanikio zilieleza tani na dola. Hazikueleza zilikaushwa kwa msitu wa ukubwa gani.

Kampuni hujibu kwamba zinapanda miti. Ni kweli kwamba wakulima wa tumbaku hutakiwa kupanda miti, na kila masika miche hugawiwa kupitia vyama vya msingi, mingi ikiwa mikaratusi. Hatua hiyo isidharauliwe, kwa kuwa mkaratusi uliotunzwa huweza kufaa kwa kuni ndani ya miaka mitano hadi saba, ilhali mninga au mtundu huhitaji miongo kadhaa kufikia unene wa maana. Tatizo liko kwenye kinachohesabiwa. Mche uliogawiwa Desemba ni rahisi kuuandika kwenye ripoti kuliko mti uliosalia baada ya miaka mitatu ya mchwa, ng'ombe na moto wa Septemba. Ripoti inayosema miche milioni kadhaa imetolewa haijasema lolote kuhusu kuni za msimu huu, kwa sababu kuni za msimu huu zimetoka kwenye msitu wa asili.

Mpanda ina kumbukumbu ndefu ya kampuni zinazohesabu upande mmoja. Mji wenyewe ulikua kwa sababu ya mgodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi wa risasi huko Mukwamba, ambako mawe yalikuwa pia na shaba, fedha na dhahabu. Serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli la kilomita takriban 210 kutoka Kaliua, kwenye njia ya Tabora kwenda Kigoma, ili kuitoa mali hiyo hadi baharini. Reli ilifunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka kumi ya kusafirisha, basi. Wana Mpanda walibaki na reli, ambayo hadi leo huwasafirisha watu na mizigo ya mkoa, na hilo ni jambo la kushukuru. Walibaki pia na mashimo na mabaki ya mawe yaliyosagwa.

Risasi ni metali isiyooza wala kuyeyukia mbali. Kilichosagwa mwaka 1955 bado ni risasi. Wakati mgodi unafungwa hapakuwa na sheria ya kumtaka mwekezaji afukie mashimo au aweke dhamana ya kusafisha. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilianzishwa mwaka 1983, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikaja mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya Mukwamba kufungwa Tanganyika ilipata uhuru, na mtu wa kuulizwa alikuwa amekwisha kuondoka.

Mfano wa mabaki kama hayo uko nchini Zambia. Mji wa Kabwe (usichanganywe na bandari ndogo ya Kabwe iliyoko Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika) ulichimbwa risasi tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1994. Miongo mitatu baadaye, vumbi la mabaki ya mgodi huo bado linapatikana kwenye damu ya watoto kwa viwango vya kutisha. Mwaka 2020 wakazi wake walifungua shauri Afrika Kusini dhidi ya Anglo American, na Desemba 2023 mahakama ya Johannesburg ikakataa kuliruhusu liendelee kama shauri la pamoja. Mgodi wa Kabwe ulikuwa mkubwa na wa miaka mingi kuliko wa Mpanda, na mji mmoja haupimwi kwa damu ya mwingine. Lakini Kabwe inaonyesha deni la mabaki linavyoweza kumfuata mtu ambaye baba yake hakuwahi kushika sururu, na kwa nini udongo wa Mukwamba unastahili kupimwa na matokeo yasomwe hadharani mjini Mpanda.

Leo mawe ya Katavi yanasagwa tena, safari hii na wachimbaji wadogo. Dirifu, Ibindi na Magamba ni majina yanayojulikana na kila dereva wa bodaboda Mpanda. Mashimo huitwa maduara. Kuta zake hushikiliwa kwa matimba, magogo yanayokatwa kwenye pori lile lile linalolisha mabani. Mawe hupandishwa, husagwa kwenye karasha linaloendeshwa kwa dizeli, kisha unga huoshwa kwenye mwalo. Mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki kwa mikono, zebaki hushika dhahabu, na donge hilo huchomwa kwenye jiko la mkaa. Zebaki huondoka kama mvuke usio na harufu. Anayeungua mapafu na kuharibika mishipa ya fahamu ni mchomaji, mama lishe aliye jirani, na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Njia hiyo hukamata sehemu tu ya dhahabu, mara nyingi chini ya nusu. Mchanga uliobaki, marudio, haumwagwi. Una thamani, na mara nyingi huishia mikononi mwa mwenye mtaji aliyejenga matanki ya kuchenjulia kwa sainaidi. Mpangilio huu una ubaya wake. Mchimbaji aliyeingia shimoni hupata kipande kidogo cha dhahabu na zebaki yote. Mwenye matanki hupata dhahabu iliyobaki. Zebaki iliyomo kwenye marudio ikikutana na sainaidi huyeyuka kwa urahisi zaidi, hivyo tanki likivuja masika, maji hubeba vyote viwili kwa pamoja.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, samaki wakaibeba, na mwaka 1956 ugonjwa wa watu waliowala ukatambuliwa rasmi. Tangu mwaka 2019 kumekuwa na masoko rasmi ya madini mikoani, Katavi ikiwemo, na serikali hukusanya mrabaha wa asilimia 6 pamoja na asilimia 1 ya ukaguzi. Kila gramu ya dhahabu inayopita sokoni huandikwa. Ingekuwa jambo jepesi kuandika kando yake, kwenye daftari lile lile, imetumika zebaki kiasi gani na marudio yake yako wapi. Hadi hilo lifanyike, mkoa utajua hesabu ya dhahabu iliyotoka bila kujua hesabu ya sumu iliyobaki.

Watu wakizungumzia nishati Mpanda, mawazo huenda kwenye umeme, na wana sababu. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi nje ya gridi ya taifa. Shirika la umeme, TANESCO, liliwasha mji kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilisafiri kwa malori zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, ikichoma dizeli nyingine njiani. Kila lita iliyochomwa ilitoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Mteja alilipa bei ya taifa, na tofauti ilibebwa na shirika, maana yake nchi nzima. Jenereta likiharibika, mashine za kusaga zilisimama, samaki wa Karema walioletwa mjini waliharibika, na mafundi wa kuchomelea walikaa barazani.

Suluhisho lililochaguliwa ni laini ya kilovoti 132 kutoka Tabora, kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 380. Imejengwa wakati ambapo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeiondolea nchi uhaba wa kuzalisha umeme. Ni mageuzi makubwa kwa kiwanda kidogo, hospitali na karasha, ambalo sasa linaweza kuachana na dizeli. Kwa jikoni bado. Nyumba yenye mita ya umeme Mpanda hupika maharage kwa mkaa, taa ikiwaka juu ya kichwa cha mpishi. Mkaa huo umetoka kwenye tanuri la udongo ambalo kwa kawaida huhitaji kilo saba hadi kumi za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa mapema mwaka huo wa 2024. Shule ya bweni inaweza kuagizwa kwa waraka. Mama wa Makanyagio anayenunua mkaa wa kopo kwa sababu hana fedha ya kujaza mtungi mzima wa gesi, waraka haumsaidii. Yeye anahitaji gesi inayouzwa kwa kipimo kidogo, na jiko la umeme la presha linalolipwa kidogo kidogo kupitia luku.

Miti ikiondoka, wa kwanza kuonyesha ni Mto Katuma. Mto huu hutoka kwenye miinuko ya magharibi, hupita kwenye mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hujaza mbuga za Katavi na Chada, kisha maji yake hufika Ziwa Rukwa. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, inajulikana duniani kwa viboko wanaorundikana kiangazi kwenye vidimbwi vya matope, mamia katika bwawa moja. Wapiga picha husafiri kutoka Ulaya kuja kuona mrundikano huo karibu na Ikuu. Wengi hawajui kwamba wanapiga picha ya upungufu. Watafiti waliochunguza Katuma tangu miaka ya 2000 walieleza kwamba mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ulianza kukatika kiangazi, na wakanyoosha kidole kwenye mabanio yasiyo na kibali juu ya hifadhi na uharibifu wa vyanzo vyake. Mkulima wa mpunga anayechepusha maji si adui wa kiboko. Anafanya kile kile anachofanya mkausha tumbaku na mchenjua dhahabu: anatumia kitu ambacho hakuna aliyekipa bei wala zamu.

Pana mahali mkoani humu ambapo mti uliosimama umepewa bei. Katika Wilaya ya Tanganyika, kwenye safu za Ntakata, vijiji vinane (Lugonesi, Mwese, Lwega, Bujombe, Kapanga, Katuma, Mpembe na Kagunga) vimeingia katika biashara ya kaboni na kampuni ya Carbon Tanzania. Msitu unaohusika una zaidi ya hekta 200,000, na ni makazi ya sokwe ambao, tofauti na wa Gombe na Mahale, wanaishi nje ya hifadhi za taifa. Msingi wa kila kitu ulikuwa ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kuwa mwenye msitu wake, mradi kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na sheria ndogo. Vijiji hivyo vilichora mipaka, vikaandika wapi pa kulima, wapi pa kuchunga na wapi pasiguswe.

Hesabu ya kaboni huenda hivi. Hupimwa kwanza kasi ya ukataji katika maeneo yanayofanana na hilo. Kisha hupimwa ukataji uliotokea kweli kwenye msitu unaolindwa. Tofauti yake hugeuzwa kuwa tani za hewa ya ukaa ambazo hazikwenda angani, mkaguzi wa nje huithibitisha, na kila tani huwa hati moja inayouzwa. Wanunuzi ni kampuni zinazotoa moshi kwingineko duniani. Walinzi wa misitu wa vijiji hupiga doria, na malipo hutegemea hali ya msitu wenyewe. Tangu malipo yaanze, vijiji hivyo vimepokea mabilioni ya shilingi. Yamejengwa madarasa na vituo vya afya, na kaya zimelipiwa bima ya afya. Kwa vijiji ambavyo zamani bajeti yake ilikuwa ushuru wa gulio, haya ni mapinduzi ya wazi, na mkutano mkuu wa kijiji umepata kitu cha kujadili chenye uzito.

Mwandishi wa haki lazima aseme na upande wa pili. Januari 2023 uchunguzi wa magazeti ya The Guardian na Die Zeit ulidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizothibitishwa na shirika la Verra huenda hazikuwakilisha punguzo halisi la hewa ya ukaa. Verra ilipinga. Soko lilitikisika, bei zikashuka, na waliopata hasara ni pamoja na vijiji duniani kote ambavyo havikuhusika na hesabu za mtu yeyote. Ndiyo hatari ya kutegemea soko moja la mbali: zahanati ya Mwese isiwe na dawa kwa sababu ya kichwa cha habari cha London. Na lipo swali la haki. Kampuni inayonunua hati za Ntakata ili iendelee kuchoma mafuta haijapunguza moshi wake, imeuhamishia mzigo msitu wa watu wengine. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kanuni hizo zina maana pale tu mwenyekiti wa kijiji anapoweza kusoma mkataba kwa Kiswahili na kujua hati zake zimeuzwa bei gani na nani.

Pamoja na yote hayo, Ntakata imevunja mazoea ya miaka 70 ya Mpanda. Kwa mara ya kwanza kampuni imefika ikalazimika kuandika msitu upande wa malipo. Hilo halikutokana na wema. Kijiji kilikuwa na hati, ramani na watu wa kuhesabu miti, hivyo hapakuwa na njia ya kuupata msitu bure.

Hilo linaweza kuhamishiwa kwenye tumbaku bila kusubiri soko la kaboni. Bodi ya Tumbaku Tanzania husimamia mikataba kati ya vyama vya msingi na wanunuzi kabla miche haijaenda shambani. Mkataba unaotaja mifuko ya mbolea kwa hekta unaweza kutaja pia mita za ujazo za kuni, zitatoka msitu gani, na nani atagharamia tanuru sanifu. Bei ya kilo inaweza kubeba sehemu ya gharama hiyo. Miti iliyopandwa inaweza kuhesabiwa mwaka wa tatu badala ya siku ya kugawiwa, na ihesabiwe na mtu asiye mwajiriwa wa mnunuzi. Walinzi wa vijiji wa Mwese na Kapanga tayari wanafanya kazi ya aina hiyo, na taarifa zao hutumika katika ukaguzi wa nje. Nsimbo na Mlele, kwenye mabani mengi, ni safari ya siku moja kutoka kwao.